Jamii Yenyewe Ndiyo Mimi

Siku hizi kila anayeshikishwa kipaza sauti lazima awagusie wazee. Diwani akizindua kisima, atamalizia na wazee. Ustadhi akifunga mawaidha, wazee. Hata bwana harusi anayeshukuru kamati atawakumbuka wazee, ambao muda wote huo wamekalishwa nyuma, ubavuni mwa jenereta. Na maneno ni yale yale: wazee ni hazina, wazee ni baraka, jamii iwatunze wazee. Makofi yakipigwa nami napiga, nimelelewa. Lakini hiyo jamii inayotumwa kazi kila siku mimi sijawahi kuiona. Ningefurahi nikipewa namba yake ya simu. Maana huku kwetu Makorora, mjini Tanga, saa kumi alfajiri mama yangu anapogonga ukuta kwa mkongojo kutaka kujua nani kafungua dirisha, jamii haiamki. Naamka mimi, na goti langu la kushoto linalalamika kabla sijafika mlangoni.

Nami, kwa taarifa yenu, ni mzee. Nimezaliwa mwaka wa Uhuru, kwa hiyo miaka 60 niliitimiza pamoja na Tanganyika, ila yenyewe ilipigiwa gwaride. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 haina mjadala: ukifika 60, umefika. Nikakabidhi chaki, nikakabidhiwa saa ya ukutani (ya nini, sijui, kwa mtu ambaye hana tena kengele ya kuwahi), nikarudi nyumbani nikiwa nimejiandaa kutunzwa. Nikamkuta mama.

Kitambulisho cha mama kinasema alizaliwa tarehe 1 Julai 1940, tarehe ambayo ukiangalia vitambulisho vya vikongwe wenzake utadhani siku hiyo wakunga wa Tanga hawakulala. Mwenyewe husema tu “vita ya Hitla” na hataki maswali zaidi. Basi mbele ya serikali mimi ni mzee, mbele ya mama ni mtoto, na mtoto hutumwa. We mtoto, maji. We mtoto, mlango huo. We mtoto, ulikuwa wapi saa zote hizi? Nilikuwa sokoni Mgandini, mama, nimekwenda kukununulia tambuu.

Tambuu ndiyo roho yake. Meno yalishamwagika, la mwisho liliondoka enzi za Mzee Rukhsa, kwa hiyo tambuu haitafunwi tena, inatwangwa. Kuna kikinu chake kidogo cha shaba alichorithi kwa bibi, na kazi ya kutwanga ni yangu. Jani lisiwe limenyauka. Popoo ikatwe nyembamba kwanza, ukiitia nzima utatwanga mpaka adhuhuri. Chokaa ikizidi ulimi unaungua, ikipungua anauliza kwa nini nampa majani ya mbuzi. Na tumbaku kidogo, ambayo daktari ameipiga marufuku. Nilipomfikishia marufuku hiyo alinitazama kwa huruma, akasema hitima ya daktari wa kwanza kumkataza tambuu ameihudhuria.

Sasa, sera ile ile ya 2003 imeitaja familia kuwa ndiyo taasisi ya msingi ya kumtunza mzee. Sawa. Taasisi yetu ina watu wanne. Kaka yangu yuko Maskati. Wadogo zangu, mmoja Dar es Salaam, mmoja Mwanza. Wote wanaume, wote wanampenda mama kupita kiasi, na wote wamo kwenye kundi la WhatsApp ambalo kaka amelipa jina la Radhi za Mama. Huko ndiko mama anakotunzwa. Asubuhi inaingia picha ya waridi lenye umande. Mchana kaka anatuma sauti, ndefu, kuhusu pepo na nyayo za mama. Nyayo hizo nazijua vizuri, kucha zake nakata mimi, na kucha za mtu wa umri ule lazima uziloweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu kabla hujathubutu kuzikaribia na mkasi, huku mwenyewe akikukumbusha kwamba hata ulipokuwa mdogo ulikuwa na mikono mizito.

Wa Mwanza ni mtu wa tiba. Tangawizi, kitunguu saumu, mdalasini, ndimu, vyote ndani ya maji ya moto kabla jua halijachomoza, halafu presha inakuwa historia. Wa Dar ni mkaguzi.

“Dada, mama kala?”

Kala.

“Kala nini?”

Nikijibu bada na samaki, anaandika: “Mpunguzieni wanga.”

Mpunguzieni, akina nani? Jikoni tuko mimi na paka.

Nisiwasingizie, pesa wanatuma. Ikifika mwisho wa mwezi simu inalia na ujumbe unasema “ya mama”. Ya dawa ya mama, ya tambuu ya mama, ya luku ya mama, kana kwamba mimi nakaa gizani. Ya dada haijawahi kuingia. Goti la dada linachuliwa na mafuta ya nazi. Na watu wanasema Tanga ni waja leo waondoka leo. Ndugu zangu wanaifuata methali hiyo kwa uaminifu mkubwa, ila watoto wao wakiletwa kwa bibi kwenye likizo ya Desemba, waja leo waondoka shule zikifunguliwa. Huwa wanaletwa “wakamsaidie bibi”. Yule mkubwa alinisaidia kumaliza asali.

Tukienda hospitali ndipo ninapoiona heshima yetu ikiwa imebandikwa ukutani. Kwanza lakini ufike. Ndani ya daladala mwanafunzi analipa 200, mzee analipa nauli nzima na kuongezewa shikamoo. Konda akipiga kelele “bibi huyo, mpisheni”, kijana wa kiti cha mbele anapitiwa na usingizi papo hapo, usingizi mzito wa ajabu, unaomwisha akifika kituo chake. Kwa hiyo mama tunampeleka kwa bajaji, na ndani ya bajaji huwa anamwelekeza dereva njia za mwaka 1970.

Hospitalini kuna tangazo, liko nchi nzima siku hizi: mpishe mzee kwanza. Zuri sana. Tatizo ni kwamba wazee wote wakipishwa wanaishia kwenye dirisha moja, na pale hakuna tena wa kumpisha mwenzake. Foleni ya vijana inasonga. Ya kwetu inabishana. Safari iliyopita babu mmoja alitaka kupita mbele kwa sababu, alisema, yeye alikata mkonge enzi za Mwingereza. Bibi wa mbele yake akamjibu kwamba mumewe ndiye aliyekuwa nyapara wa shamba hilo, na babu alikuwa mvivu. Nilipojaribu kuchomeka ombi langu, babu akaniuliza mwaka. Nikasema 1961. Foleni nzima ikacheka. “Wewe umezaliwa na bendera,” akaniambia, “kakae kule.”

Tulipofika kwa nesi, binti mzuri tu, mwenye adabu, akasema shikamooni, akatutazama mmoja mmoja.

“Mgonjwa ni yupi?”

Nikamwonyesha mama.

“Na nani amewasindikiza? Maana wazee wawili hamwezi kuja hivi hivi. Hakuna mtu wa kuwasaidia?”

Nikamwambia mtu wa kuwasaidia ndiye huyu unayeongea naye. Akaandika kitu kwenye daftari, nadhani alituandika wote wawili. Presha yangu ilipopimwa kwa bahati tu, kwa vile nilikuwa pale na mashine ilikuwa pale, ikaonekana iko juu kuliko ya mama. Mama akafurahi sana. Aliitangaza mtaani jioni ile ile. Dawa yenyewe, yake na yangu, tukaambiwa haipo, tukanunue nje.

Kuna mambo mengine ambayo ukiyasimulia watu hudhani unatia chumvi. Mwaka 2019 tuliambiwa laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, na mwisho ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Mama alikuwa na kisimu chake cha tochi. Nikampeleka kwa kijana aliyekaa chini ya mwamvuli na kimashine. Kidole gumba hakisomi. Akakipangusa kwa kitambaa. Hakisomi. Cha shahada, hakisomi. Cha mkono wa pili, ndiyo kabisa. Mikono ile imekuna nazi, imetwanga mchele na kugeuza vitumbua vya moto barazani tangu kabla Mwalimu hajatangaza Azimio la Arusha. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyotusomesha sisi wanne, pamoja na huyo wa Maskati. Kidole gani kitabaki na michirizi?

“Bibi huyu hana alama,” kijana akasema.

“Alama zangu,” mama akamjibu, “zipo matakoni mwa wanangu.”

Laini ikasajiliwa kwa jina langu. Kwa hiyo hata kwenye simu, mama akiwa hai, mzima, anaongea, mtandao unajua ni mimi.

Ama pensheni, mama hakuwahi kuwa na mfuko wowote isipokuwa fundo la kanga. Na hapa ndipo ninapoona jiografia imetufanyia makusudi. Ukitoka Tanga kwenda kaskazini unafika Horohoro, unavuka mpaka, uko Kenya. Huko, tangu mwaka 2018, mpango wa Inua Jamii umefunguliwa kwa wenye miaka 70 na kuendelea, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Jamaa zetu wa Lungalunga hulalamika kwamba zinachelewa, na mimi huwaonea wivu kuwa na kitu cha kuchelewa. Ukigeuka ukatazama baharini, kule ng’ambo ni Pemba. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa kila mwezi kwa aliyefika 70, na sasa ni 50,000. Mama yuko katikati, kati ya Lungalunga na Pemba, na anapata shikamoo.

Niliteleza ulimi nikamsimulia haya siku moja wakati natwanga tambuu. Akanyamaza, akamumunya, akatema kwenye kikopo chake.

“Basi nitafutieni jahazi.”

Nikamweleza kwamba ya Pemba ni ya wakazi wa Zanzibar, na wana vitambulisho vyao.

“Nimezaliwa kabla ya huo Muungano wenu. Utanizuiaje?”

Sikuwa na jibu, na nimefundisha uraia miaka mingi. Huku bara TASAF wanaangalia umaskini wa kaya, na kaya yetu ina bati, ina king’amuzi na ina mwalimu mstaafu, hivyo tumeshindwa mtihani wa umaskini. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato, imegawanywa wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Nimeijumlisha mara nyingi, hesabu ni kazi yangu, na kila mara inagoma kumbakishia mzee.

Mimi ninayo pensheni, simkufuru Mungu. Nilistaafu mwaka 2021, kabla ya kikotoo kipya cha mafao cha Julai 2022, kwa hiyo mkupuo wangu ulikuwa wa nusu; walionifuata walikutana na asilimia 33, wakapiga kelele mpaka mwaka 2024 ikapanda kuwa 40. Wengi hunipongeza kwa kuzaliwa mapema. Mkupuo ulipoingia nilipata ndugu ambao hata mama hakuwafahamu, na kila mmoja alikuja na mradi: kuku wa mayai, bodaboda, tikiti maji Handeni. Niliezeka chumba cha mama, nikasema pesa imekwisha. Sasa kilichobaki ni kuthibitisha kila baada ya muda kwamba bado niko hai, na siku hizi inafanywa kwa simu. Unajipiga picha ya uso, unapepesa macho, unageuza shingo kulia, kushoto, unatabasamu. Shingo yangu kushoto haiendi. Simu ikasema uso haujatambulika, jaribu tena. Mama aliyekuwa amekaa kitandani akiangalia yote hayo akauliza simu inataka nini. Nikamwambia inataka kujua kama sijafa. Akasema, “Mwambie akupe ndoo uone kama atakuacha ufe.” Nani huyo aliyemkusudia, sijui mpaka leo.

Mwaka juzi nilileta hoja kwenye kikao cha familia. Kikao chenyewe kilikuwa cha video, kaka akiwa Maskati ndani ya gari lenye kiyoyozi. Hoja zilikuwa mbili. Ya kwanza, choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na mama kuchuchumaa anaweza, kuinuka ndiyo shughuli: mimi namshika kwapani, yeye ananishika shingo, tunahesabu moja, mbili, tatu, kisha tunategemea Mungu. Nikaomba choo cha kukaa na vyuma viwili vya ukutani. Ya pili, tumlipe binti wa kunisaidia, walau asubuhi.

Choo, wakasema tutaona. Binti, wakakataa kabisa. Mtu baki amwogeshe mama? Amwone mama? Haiwezekani. Kaka alizungumza vizuri mno kuhusu stara, nikakaribia kulia, halafu nikakumbuka kwamba mwenye beseni ni mimi. Ndipo nikasema, kwa utani na nusu ya utani, kwamba basi tukaulizie Mwanzange.

Msomaji usiye wa Tanga, Mwanzange kuna makazi ya wazee ya serikali, ya wale wasio na mtu. Ni kama ningekuwa nimetukana. Wa Mwanza alikata mawasiliano, akarudi. Wa Dar akasema nimemkufuru mama. Kaka akashuka kabisa kwenye gari. Aibu gani hii! Sisi ni Wazungu? Sisi Waafrika tunawaheshimu wazee wetu! Nikamwuliza hawa “sisi” wataanza kuamka lini saa kumi, akasema sauti yangu inakatika.

Hilo la Wazungu lina utamu wake. Binti wa huyu mdogo wangu wa Mwanza yuko Uingereza. Anafanya nini? Anawaogesha wazee. Analipwa kwa saa, ana glavu, ana mashine ya kumnyanyua mtu kitandani, ana siku za mapumziko, na mgongo ukimuuma anaandikiwa likizo. Baba yake akiulizwa husema mwanangu yuko kwenye sekta ya afya. Bibi yake mzaa baba namwogesha mimi, bila mashine, na naambiwa ni thawabu. Siikatai thawabu. Nauliza tu kama ina siku za mapumziko.

Na hii sifa ya kwamba kwetu wazee wanaheshimiwa, mimi nilipangiwa kazi Shinyanga nilipokuwa mwalimu kijana. Huko niliwajua bibi waliokuwa wakipikia kinyesi cha ng’ombe kilichokaushwa kwa sababu kuni zilikuwa mbali, moshi ukawageuza macho mekundu, na kwa macho hayo mekundu watu wa vijiji vyao wakawaita wachawi. Vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa mapanga kwa ajili ya moshi wa jiko. Waliowaua walikuwa wanajua kusalimia vizuri tu. Sitaki kuharibu safu kwa habari hizo, ila mtu asinifundishe heshima akiwa ndani ya gari.

Tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990 kwa ajili ya wazee, nilialikwa kwenye sherehe. Barua nzuri, yenye muhuri, ikiniomba nifike saa mbili kamili asubuhi. Sikwenda. Hakukuwa na wa kubaki na mzee. Waliokwenda waliniambia mgeni rasmi alifika saa sita na aliwashukuru kwa uvumilivu.

Kisha mwaka huu kaka akatangaza kwamba mama anatimiza miaka 85 na lazima afanyiwe jambo. Tarehe 1 Julai haikumfaa, likizo yake iko Agosti, kwa hiyo mama akazaliwa Agosti. Likafunguliwa kundi jipya la WhatsApp, la kamati. Sijawahi kuona taasisi ya familia ikifanya kazi vile! Ndani ya siku chache pesa ikapatikana ya sare za kitenge kwa ukoo mzima, keki yenye picha ya mama, mpiga picha mwenye kile kidude kinachoruka angani, na mshereheshaji kutoka Dar es Salaam mwenye viatu vyeupe. Niliuliza kwa upole, kundini, kama katika bajeti hiyo choo kinaweza kuchomekwa popote. Mtu akanijibu kwa alama ya kidole gumba. Nilipangiwa pilau.

Siku ikafika. Hema barazani, viti vimevishwa nguo, jenereta linanguruma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake mzee akawekwa mbele. Mama alivaa sare, akagoma kuvaa taji. Kaka alivaa kanzu ya Kiomani na kilemba, ananukia udi toka barabarani. Zikatolewa hotuba. Mama ni hazina, mama ni baraka. Wa Mwanza akaishukuru jamii kwa kumtunza mama. Jamii wakati huo ilikuwa uani, inageuza pilau kwa upawa, moshi machoni.

Nikaitwa nije kwenye picha. Nikatokea na upawa wangu. Mshereheshaji alikuwa amepiga goti mbele ya kiti cha mama, simu zote ziko juu, kile kidude kinazunguka juu ya hema, mama anakitazama kwa chuki.

“Bibi, tunaomba nasaha kwa wanao na wajukuu. Neno moja tu, bibi.”

Akamwekea kipaza sauti mdomoni. Mama akakohoa.

“Nataka chooni.”

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Halafu shingo zote zikageuka kunitafuta mimi. Nikaanza kutafuta pa kuuweka upawa.

“Si huyo,” mama akasema, na kipaza sauti bado kipo. “Huyo kachoka. Leo atanipeleka wa Maskati.”

Kaka akatabasamu kwa ajili ya kamera, kisha akageuka kumtafuta mkewe. Mkewe alikuwa ameinama anamfunga mtoto kamba za viatu. Mtoto alikuwa amevaa kandambili. Kaka akainama sikioni mwa mama.

“Mama, mimi mwanamume.”

Alinong’ona, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, na mtaa mzima ukasikia, mpaka msikitini.

“Nilipokuwa nakutawaza,” mama akasema, “ulikuwa nani?”

Mshereheshaji akaomba muziki upandishwe.